Maswali na Majibu: Kupima Hatua za Protini Chini ya Hadubini

Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Imewezekanaje basi kuona hatua ya nanomita 8 ya kinesini, protini inayotembea ndani ya seli kwa vichwa viwili kama miguu?

Kutenganisha vitu viwili ni jambo moja. Kujua kitu kimoja kiko wapi ni jingine. Molekuli moja inayong'aa huonekana kwenye kamera kama doa la ukungu, angavu katikati na lenye kufifia pembeni. Maadamu doa ni la molekuli moja tu, kitovu chake hukokotolewa kwa usahihi unaopita kwa mbali upana wa doa lenyewe, na kinachotawala usahihi huo ni idadi ya fotoni, yaani chembe za mwanga: anayetaka kupunguza kosa kwa nusu sharti akusanye fotoni mara nne. Mwaka 2003 Ahmet Yildiz, Paul Selvin na wenzao walifikia takriban nanomita 1.5 walipoifuatilia miosini V, protini nyingine inayotembea.

Je, vichwa viwili vya protini hizi hupishana, au kimoja huburuta kingine?

Hupishana, na uthibitisho wake unanivutia kuliko mengine yote katika fani hii. Kinesini nzima husonga nanomita 8 kwa kila molekuli ya ATP, chanzo cha nishati cha seli. Kama vichwa vingeburutana, kila kimoja kingesogea nanomita 8 kila mara; vikipishana, kichwa kimoja huruka takriban 16, kisha hutulia mwenzake akipita. Ilitosha kutia rangi inayong'aa kichwa kimoja. Grafu ya mwaka 2004 ilitoka kama ngazi yenye vidato vya nanomita 17 hivi. Miosini V, ambayo hatua yake ni nanomita 37, ilikuwa imetoa jibu hilo hilo mwaka uliotangulia: rangi ilipokaa pahali fulani, hatua zilipokezana 74 na sifuri, ilipokaa pengine, 52 na 23, na jumla ikabaki karibu ile ile.

Kwa nini majaribio hayo yalitumia ATP kidogo mno?

Kinesini yenye ATP ya kutosha hupiga hatua kama 100 kwa sekunde, ilhali kamera ilihitaji muda kukusanya fotoni. Ilibidi protini icheleweshwe kwa njaa, na mwendo wa mwenye njaa, kwa maoni yangu, si ushahidi kamili wa mwendo wa aliyeshiba. Ndiyo maana mbinu ya MINFLUX, inayotafuta molekuli kwa leza yenye umbo la pete na giza katikati, ina uzito: hutosheka na fotoni chache, na mwaka 2023 ilionyesha, ATP ikiwa ya kutosha, kwamba ule mruko wa nanomita 16 hugawanyika katika nusu mbili za nanomita 8.

Nitajuaje kwamba kilichosogea si meza ya hadubini?

Gandisha chembe ndogo za dhahabu kwenye kioo kile kile, uzifuatilie sambamba na protini. Zikisogea, meza imesogea; toa kiasi hicho kwenye vipimo vyako kabla ya kuhesabu hatua yoyote.