Mama yuko Taita, nami nimefungiwa Nairobi (barua na jibu la Aprili 2021, wakati wa corona; amri, huduma na nambari za simu zinazotajwa ni za wakati huo)

*Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 36 na ninafanya kazi jikoni katika mkahawa mmoja hapa Nairobi. Mama yangu ana miaka 74, ana kisukari na presha, na anaishi Wundanyi pamoja na binti ya marehemu dada yangu, mwenye miaka 14. Tangu kaunti tano zifungwe mwezi uliopita kwa sababu ya corona sijaweza kwenda kumwona, na mshahara wangu umekatwa nusu kwa kuwa mkahawa unauza chakula cha kubeba tu. Mama hakosi kanisani wala matangani, na nikimwambia avae barakoa ananijibu kwamba Mungu ndiye mlinzi wake. Kaka yangu aliye Mombasa anasema ninajitia hofu bure. Usiku sipati usingizi. Dereva mmoja wa lori ameniambia kwamba nikimpa shilingi 3,500 atanipitisha vizuizini kama utingo wake. Je, niende? Nikibaki hapa na mama akafariki, nitaishije na jambo hilo? — Binti Mwenye Hofu, Kayole*

Marahaba, mwanangu. Naanza na swali la safari, kwa sababu dereva huyo huenda akakupigia simu wakati wowote: usiende. Amri aliyoitoa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 26 Machi 2021 ni wazi kwamba hakuna kuingia wala kutoka katika eneo la Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru, iwe kwa barabara, kwa reli au kwa ndege, lakini si polisi wa vizuizini wanaonifanya nikuzuie. Nakuzuia kwa ajili ya mama yako. Kaunti hizo zilifungwa kwa sababu ndizo zilizokuwa na sehemu kubwa ya maambukizi ya wimbi hili la tatu, na wewe unaishi humo, unashinda jikoni na wenzako, kisha jioni mnabanana kwenye matatu kila mmoja akiwahi kufika nyumbani kabla ya kafyu ya saa mbili. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini hadi siku 14 kabla ya dalili kujitokeza, na mtu huweza kuwaambukiza wengine siku mbili hivi kabla hajahisi chochote, kwa hiyo kujisikia mzima asubuhi ya safari hakuthibitishi kwamba u mzima. Ongeza usiku mmoja ndani ya lori lililofungwa vioo, pamoja na watu usiojua wametoka wapi, halafu fikiria unayemwendea ni mtu wa miaka 74 mwenye kisukari na presha, yaani hasa yule ambaye ugonjwa huu humwangusha vibaya.

Najua kwamba jibu hilo linauma. Tumelelewa tukijua kwamba mzazi akizeeka mtoto huonekana mlangoni, na asiyeonekana husemwa. Sheria hizi zimewafanya watoto wema wajione kama waliowatupa wazazi wao, na ni mzigo mzito sana, hasa kwa kuwa mwaka jana tulikwisha kufungiwa hivi hivi kuanzia Aprili hadi Julai. Hujamtupa mama yako. Lakini kubaki Nairobi hakutamsaidia ikiwa hakuna mtu mwingine aliye karibu naye anayetenda yale ambayo wewe ungeyatenda, na hapo ndipo ninapotaka uelekeze nguvu zote unazozimaliza usiku kwa kugeuka kitandani.

Mtu huyo yupo. Mombasa haimo katika eneo lililofungwa, wala Taita Taveta haimo, kwa hiyo kaka yako anaweza kwenda Wundanyi kwa njia halali, bila kumhonga mtu. Nadhani hili limekupita kwa sababu mmekuwa mkibishana kama hofu yako ni ya kweli au ni ya bure, na mabishano ya namna hiyo hayana mwisho. Acha kumshawishi aogope. Mpigie simu akiwa ametulia, umwambie mambo mahususi: kwamba aende Jumamosi fulani, kwamba ahakikishe dawa za mama za kisukari na za presha zipo za kutosha miezi miwili, kwamba azungumze na mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji na jirani mmoja mwenye gari, na kwamba kuanzia sasa achangie kiasi kinachojulikana kila mwezi, kwa kuwa nusu ya mshahara wa jikoni haiwezi kubeba nyumba mbili. Mtu anayekataa kuambiwa kwamba hajali mara nyingi hukubali anapopewa kazi inayoeleweka. Naye asiende akiwa na mafua wala kikohozi, na akifika azungumze na mama nje barazani, akiwa amevaa barakoa, kwa sababu Mombasa nako si salama kabisa.

Kuhusu kanisa, mwanangu, mzazi haamrishwi kwa simu. Ukimkaripia atakuahidi kuvaa barakoa, kisha ataiweka mfukoni mara tu akikata simu. Kwa mama yako kanisa ni marafiki, ni nyimbo, ni mahali anapoulizwa habari zake na kuhesabiwa kuwa mtu, na ukimnyima hayo yote utamwachia upweke, nao upweke humdhoofisha mzee vibaya. Huko kwao makanisa hayajafungwa kama yalivyofungwa Nairobi, ila yanapaswa kuchukua theluthi moja tu ya waumini. Usimwombe aache ibada. Mwombe akae karibu na dirisha au mlango, awe mbali na jirani yake kwa mita moja na nusu, aondoke kabla ya msongamano wa kusalimiana. Afadhali zaidi, mpigie mchungaji wake au mmoja wa akina mama wenzake, umweleze kwa heshima hali ya afya ya mama, umwombe awe yeye wa kumkumbusha. Imani ya mama usiibishie hata kidogo. Mtu anaweza kumtegemea Mungu akiwa amevaa barakoa. Matangani ndiko ninakohofia zaidi, kwa kuwa watu hukaa pamoja saa nyingi, hula pamoja na kukumbatiana. Huko nakushauri umwombe atume rambirambi na mchango wake, na aende mazishini tu, ambako serikali imekwisha kuwaruhusu watu wasiozidi 50.

Jambo lisilofaa kungoja hata wiki moja ni chanjo. Shehena ya kwanza ya AstraZeneca, zaidi ya dozi milioni moja, ilifika nchini tarehe 3 Machi, na baada ya wahudumu wa afya na watumishi wengine wa mstari wa mbele, milango imefunguliwa kwa watu wa miaka 58 na zaidi, bila malipo. Mama anastahili. Yamkini amesikia maneno kuhusu damu kuganda. Mwambie ukweli kwamba tatizo hilo limeonekana kwa watu wachache sana, na kwamba kwa mtu wa umri na maradhi yake hatari ya corona yenyewe ni kubwa zaidi. Kaka yako akienda, ampeleke yeye mwenyewe. Kinga haiji siku ileile ya kudungwa, kwa hiyo barakoa na tahadhari nyingine ziendelee.

Mpwa wako ni mtoto, na sasa shule zimefungwa yuko na bibi yake mchana kutwa. Usimfanye muuguzi. Mfundishe mambo machache tu ya kutazama: kuhema kwa shida, maumivu ya kifua, midomo kubadilika rangi, au bibi kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi na kukataa chakula, kwa sababu mzee anaweza kuwa mgonjwa sana bila homa yoyote. Akiona lolote kati ya hayo, asingoje asubuhi wala asikupigie wewe kwanza. Ampigie yule jirani mwenye gari, kisha wewe. Nambari 719 ya Wizara ya Afya haitozwi pesa. Iandikwe ukutani pamoja na nambari ya jirani. Mkiweza kuchanga, mnunulieni mama kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni, na kikionyesha chini ya 94 apelekwe hospitali hata kama anasema hajambo. Lakini pesa zikiwa chache, dawa za kisukari na presha zitangulie.

Wewe nawe unahitaji kulala. Chagua saa moja ya kumpigia mama kila siku, iwe ileile, ili naye aingojee, na msizungumze corona tu. Muulize habari za shamba, muulize namna ya kupika kitu fulani. Habari za vifo zinazozunguka kwenye simu usizisome usiku. Usingizi ukizidi kukataa, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya ushauri nasaha isiyotozwa pesa, 1199, na hakuna aibu kuipiga.

Sasa lile swali lako la mwisho, ambalo sitalikwepa. Inawezekana mama akafariki wakati huu, kwa ugonjwa huu au kwa mwingine, nawe usiwepo. Hakuna anayeweza kukuahidi vinginevyo. Ikitokea hivyo, utakuwa na huzuni kubwa, lakini hutakuwa na hatia, kwa maana utakuwa umemlinda kwa kadiri ulivyoweza. Yale ambayo ungependa kumwambia akiwa kitandani mwambie wiki hii, akiwa mzima na anakusikia vizuri. Mshukuru. Kama kuna jambo mlilokosana, liombee radhi. Na akitaka kusema mwenyewe anavyotaka mambo yake yafanywe, usimkatize kwa kumwambia asiseme maneno ya mkosi. Wazee wengi hupata nafuu wanapopata mtoto wa kuwasikiliza.

Mpigie kaka yako kwanza, kabla hujampigia mama, kisha uniandikie alivyokujibu. Akikataa kwenda, tutatafuta pamoja ni nani mwingine katika ukoo anayeweza kufika Wundanyi bila kuvuka kizuizi.