Mama nimpeleke makao ya wazee?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Naishi Minneapolis, Marekani. Mama yangu ana miaka 81 na ugonjwa wa kusahau. Ameanguka bafuni mara mbili nikiwa kazini, na daktari anashauri aende makao ya wazee. Ndugu zangu Tanga wanasema nikimpeleka nimemtupa. Nifanyeje? – Binti Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Maneno hayo niliambiwa na mimi nilipompeleka baba mwaka 2018. Aliyeniambia ni kaka yangu, na hajawahi kumwinua baba sakafuni saa nane za usiku. Mpeleke, usisubiri avunjike nyonga.

Ila ukimpeleka, usimwachie mtu mwingine kuwaeleza wahudumu mama ni mtu wa namna gani. Wiki ya kwanza niliambiwa baba "anataka kutoroka": kila alfajiri anashuka kitandani, anapapasa ukuta, kengele inalia, wanamrudisha. Siku moja nikaenda mapema nikakaa pembeni. Saa kumi na moja akaamka, akakunja mikono ya shati mpaka viwikoni. Masikini baba, alikuwa anatafuta maji ya udhu! Kiingereza kilikuwa kimeshamtoka, kimebaki Kiswahili, na pale hakuna aliyekijua. Nikapeleka birika la plastiki na beseni. Juu ya kitanda nikabandika karatasi: maji, choo, naumwa, nasikia baridi, nimeshiba, kila neno na Kiingereza chake. Hawakuniambia tena habari za kutoroka.

Basi ya mama yaandike sasa: anaamka saa ngapi, anakunywa uji wa namna gani, nani anaruhusiwa kumwogesha. Sheria inataka mpango wa awali wa huduma uwe tayari ndani ya saa 48 tangu aingie, kwa hiyo uwepo. Wasipokusikiliza, kila jimbo lina ombudsmani, yaani mtetezi wa wakazi wa makao haya, na hatozi kitu.

Kuhusu pesa, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, hailipi zaidi ya siku 100, tena kwa masharti. Baada ya hapo wengi hutegemea Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mwenye kadi ya ukaazi (green card) mara nyingi husubiri miaka mitano kwanza. Soma kabla ya kusaini: hawaruhusiwi kukulazimisha uwe mdhamini wa deni lake.

Khanga zake ziandike jina kwenye pindo, maana kwenye mashine za kufulia hupotea.

Na hao ndugu, wapigie simu ya video ukiwa naye. Kaka yangu nilimpigia nikiwa namkata baba kucha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniomba nimsogezee baba simu sikioni.