MUULIZE KOCHA: Kiuno kinauma, au bomba liko chini mno?

Mwezi huu simu yangu imejaa migongo, nimechagua maswali matatu tu, wengine msikasirike.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi kijana wa miaka 27, niko Temeke, napiga tizi kwenye jimu ya mtaani, ya uani, vyuma tumetengeneza wenyewe, ndoo za rangi tumemwagia zege af bomba likapita katikati. Dedilifti, ile ya kuinua chuma kutoka chini mpaka usimame wima, nimefika kilo 100 nimegoma mwezi wa nne sasa, na kila nikivuta kesho yake kiuno kinakaza mpaka kufunga kamba za viatu ni kazi, zaidi upande wa kulia. Mmoja ananiambia nunua mkanda, mwingine ananiambia achana nayo kabisa. Video nimekutumia.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Video nimeirudia mara sita na wala sikuanza na mgongo wako, nilianza na hizo ndoo. Chuma cha mashindano, pleti kubwa, yaani lile duara zito la pembeni, ina upana wa sentimita 45, kwa hiyo bomba lake linakaa sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni, ndo urefu ambao kila anayekufundisha kwenye simu anauchukulia kuwa unao. Wewe huna. Ndoo zako nikizilinganisha na raba yako hazizidi sentimita 30, maana yake bomba liko kwenye 15 hivi, pungufu ya vidole vinne. Vidole vinne unaona vidogo, lakini mtu mrefu kama wewe akivifuata chini nyonga inaishiwa, goti limeshajaa, kinachobaki kukunjika ni kiuno. Hapo hata aje nani akupigie kelele hautanyooka.

Dawa yake ni bei ya soda mbili tatu: tafuta vipande vinne vya mbao, viwili vya inchi mbili na viwili vya inchi moja, panga kimoja juu ya kingine kila upande, ndoo zikae juu yake, na pigilia kijiti pembeni zisibingirike. Sio tofali, tofali la mtaani linapasuka ukishusha kwa nguvu, nimeshaona.

Sasa huo upande wa kulia. Zipakie ndoo kwenye bajaji uende kwa jamaa wa vyuma chakavu, wana mzani, pima moja moja, na bomba pia pima. Sijawahi kuona ndoo mbili za zege zikalingana, na kama moja imezidi kilo tatu nne wewe kila siku unavuta huku unapinda bila kujua. Na usishangae ukikuta hiyo 100 yako ni 88, au ni 113, ambapo itabidi nikupe hongera na kukugombeza kwa pamoja.

Ukishamaliza hayo ndo tuje kwako mwenyewe. Simama bomba likiwa juu ya fundo la kamba za viatu, sio kwenye vidole, miguu upana wa nyonga. Inama ulishike bila kulisogeza hata kidogo, hapa ndo wengi mnaharibu, mnalivuta lije mguuni. Lisije, ugoko ndo uende ulifuate mpaka uguse. Toa kifua mbele, bana makwapa kama umeficha hela ya nauli humo, vuta pumzi ishuke tumboni na ukaze kama mtu anataka kukupiga ngumi. Halafu usikurupuke. Livute kidogo mpaka usikie ndoo zimelia kwenye bomba na mikono imenyooka, ndo usukume sakafu kwa miguu. Kwenye video yako makalio yanapanda kwanza bomba likiwa bado chini, af mgongo unamalizia peke yake kama winchi. Ukifika juu simama tu, hiyo ya kujipinda nyuma ni mbwembwe za picha.

Mkanda utanunua baadaye. Haushiki mgongo, unalipatia tumbo kitu cha kusukumana nacho, na kama tumbo hujui kulikaza utakuwa umevaa urembo.

Rudi kilo 60, seti tatu, kila seti uvute mara tano ndo upumzike, mara moja kwa wiki, kila wiki ongeza kilo mbili na nusu tu. Najua unaona aibu mbele ya wenzako. Mimi niliona aibu hiyo hiyo, siku ya ufunguzi wa jimu moja hapa mjini watu wanashangilia nikaongeza mpaka 160 bila hata kupasha mwili, nikasikia kitu kama kitambaa kinachanika, wiki tatu nililala chini kwenye mkeka na mke wangu ndo ananivalisha soksi. Anavyosimulia mpaka leo kwenye sherehe ni hadithi nyingine.

Ila kukaza kwa kesho yake ni kitu kimoja, maumivu yanayoshuka mguuni kama umeme ni kingine. Ukipata hayo, au ganzi, wacha chuma uende kwa daktari. Ukiona mkojo unagoma au sehemu za siri zinakufa ganzi hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

SWALI: Kocha shikamoo, mimi ni dada niko Moshi, nimeanza kufundisha kina mama dedilifti asubuhi, wengi wana miaka 50 na kitu. Kila nikiwaambia nyoosha mgongo wanachuchumaa wima kama wanakaa kigodani. Nimeeleza mpaka sauti imekauka. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba dada. Neno ndo linakuponza. Mama wa Kiswahili ukimwambia anyooshe mgongo ameshafikiria kitanda, maana ndo tunavyosema tukitaka kujilaza, na asipofikiria kitanda atasimama wima. Achana na neno hilo. Mwambie hivi: mama, umebeba sinia la chai mikono yote miwili, mlango uko nyuma yako haujafungwa vizuri, usukume kwa makalio. Basi. Nyonga inakwenda nyuma yenyewe na mgongo unabaki ulivyo kwa sababu anaogopa kumwaga chai.

Akishaelewa mpe mpini wa mopu aushike mgongoni, uguse kisogo, katikati ya mabega na juu kidogo ya makalio, ainame usibanduke hata sehemu moja. Ukibanduka hana haja ya wewe kumwambia, kausikia mwenyewe. Hawa kina mama wamepiga deki kwa tambara miaka 40 miguu imenyooka, kuinama wanajua kuliko wewe na mimi, kilichobaki ni goti lilegee kidogo na kiuno kiache kujikunja.

Na sema kitu kimoja kwa seti moja. Ukimwambia kisigino, kwapa, shingo, pumzi, kwa mpigo, atakachofanya ni kukuangalia tu. Waanze na ndoo ya maji ya lita 10 katikati ya miguu, iwe juu ya stuli fupi, bomba baadaye. Wenye presha uwajue kwa majina kabla hamjaanza, wapate ruhusa ya daktari, na hao usiwafundishe kubana pumzi, watoe hewa wakati wanainuka.

SWALI: Kocha mambo, nikifika kilo 120 mikono inateleza. Nimeona jamaa wa kilo 500 wamefunga kamba kwenye viganja, hiyo si wizi?

JIBU: Poa. Inategemea mchezo. Eddie Hall alipovuta kilo 500 pale Leeds mwaka 2016, mpaka damu ikamtoka puani, alikuwa na kamba, na Hafþór Björnsson aliyeongeza kilo moja juu yake mwaka 2020 kule Iceland alikuwa nazo pia, mashindano ya majabali, wale wa strongman, yanaruhusu. Powerlifting, mashindano ya kunyanyua vyuma vizito, hairuhusu, unashika kwa vidole vyako. Kwa hiyo seti za kwanza zote vuta bila kamba, za mwisho nzito funga ukitaka. Kiganja kimoja kitazame mbele kingine nyuma, na badilisha upande, huku ule mkono ambao kiganja chake kinatazama mbele usiukunje kiwiko hata kidogo, msuli wa juu ya kiwiko unaweza kukatika. Chaki ya magnesi inasaidia sana. Poda ya mtoto uliyoona wanajipaka wanapaka mapajani, ili bomba liteleze likipanda. Sasa wewe kwenye picha uliyonitumia umeipaka viganjani, ndugu yangu.