Kipanya kwenye konsoli ya Linux isiyo na madirisha

Ndugu, umeuliza kama kipanya kinaweza kufanya kazi kwenye Debian yako isiyo na madirisha, maana umechoka kunakili ujumbe wa makosa kwa kalamu. Kinaweza, tena bila kupakia mazingira mazima ya picha. Unachohitaji ni gpm, programu ndogo inayowezesha kipanya kwenye konsoli (skrini ya maandishi matupu):

sudo apt install gpm

Huduma huanza yenyewe. Sogeza kipanya, utaona kijisanduku kikitembea juu ya maandishi. Buruta ukiwa umeshika kitufe cha kushoto, maandishi yameshanakiliwa. Usibonyeze Ctrl+C kwa mazoea, utaua programu inayoendelea! Kitufe cha kati, yaani gurudumu, hubandika. Bofya mara mbili upate neno, mara tatu mstari mzima. Raha yake ni kwamba unanakili konsoli moja (Alt+F1) na kubandika nyingine (Alt+F2).

Programu ya mc (Midnight Commander, ya kusimamia mafaili) nayo inaelewa gpm, hivyo menyu zake zinabofyeka. Ila ukitaka kunakili maandishi ndani yake, shikilia Shift kwanza.

Kipanya kisiposogea, angalia mstari wa device katika /etc/gpm.conf; kwa kawaida ni /dev/input/mice. Ukibadilisha:

sudo systemctl restart gpm

Ukiingia kwenye mashine hiyo kwa ssh (njia ya kuingia kwa mbali kupitia mtandao) kutoka kompyuta nyingine, gpm yake haihusiki. Huko tumia kipanya cha dirisha lako mwenyewe.