Ushaiita aio_write? Usiiguse hiyo bafa!

Ndugu wa Makambako, programu yako ya C inaandika kwenye faili kwa aio_write, funksheni inayopokea ombi la kuandika na kurudi bila kusubiri liishe. Umeuliza thredi (nyuzi za kazi zinazokwenda sambamba) ngapi uweke kwenye aio_init, bafa (sehemu ya kumbukumbu inayoshika data ya kuandikwa) iwe na ukubwa gani, na kama uhamie io_uring, njia nyingine ya Linux ya kazi kama hiyo. Acha hayo kwanza. Nimeisoma funksheni yako mwili ukanisisimka. Umetangaza char bafa[256] na struct aiocb (maelezo ya ombi lenyewe) ndani ya funksheni, ukaita aio_write, na mstari unaofuata ni return. Hapo hapo ndipo nilipoumia.

Nilikuwa Tukuyu, naandika programu ya kupokea kilo kutoka kwenye mizani ya majani mabichi ya chai. Kwenye majaribio ilikwenda vizuri, maana nilipima kikapu kimoja, nikapumzika, nikapima kingine. Siku foleni ilipojaa, jioni akaja mama mmoja na karatasi yake ya kilo 31. Kwenye faili hayumo. Aliyepima baada yake yumo mara mbili! Wiki mbili nzima nililaumu mizani, nikabadilisha hadi waya. Nikiweka printf nichunguze, kosa linapotea, nikiitoa, linarudi.

Kumbe aio_write hainakili data yako, inashika anwani tu, na glibc (maktaba ya C ya Linux) inaiachia thredi nyingine iandike baadaye. Funksheni yangu ilishakwisha ikaitwa tena, na pale pale kwenye steki (kumbukumbu ya muda ya funksheni, inayotumiwa upya ikiisha) zikaingia kilo za mtu wa pili kabla za wa kwanza hazijaandikwa. Faili nilikuwa nimelifungua kwa O_APPEND, yaani kila kinachoandikwa kinaongezwa mwishoni, basi rekodi ya pili ikaandikwa mara mbili, moja chini ya nyingine.

Aliyetufundisha alisema ukishaita aio_write umemaliza, endelea na shughuli zako. Mpaka leo nina hasira naye. Mwongozo wa aio_write unakataza wazi kugusa bafa na aiocb kabla kazi haijaisha, na yeye hakuufungua hata mara moja. Mimi ndiye niliyezunguka nyumba kwa nyumba kwenye mvua ya Rungwe, nikikusanya karatasi za wakulima ili walipwe haki yao.

Kwa hiyo kila ombi lipe malloc yake (kumbukumbu inayobaki mpaka uiachie kwa free), bafa na aiocb pamoja. Subiri kwa aio_suspend, halafu uliza aio_error. Ikisema EINPROGRESS, yaani kazi bado inaendelea, usiguse kitu. Ikirudisha 0, ita aio_return mara moja tu, hakikisha baiti zimetimia, ndipo uite free.

Thredi? Kawaida ya glibc ni 20, na maombi ya faili moja huhudumiwa kwa zamu. Wewe una faili moja, hata ukiweka 100 hupati kitu. io_uring ipo tangu Linux 5.1 ya mwaka 2019 na ni nzuri, lakini hata huko bafa lazima ibaki hai mpaka jibu litokee kwenye foleni ya matokeo.

Rekebisha, kisha ibandike hapa niione kabla hujaipeleka kwenye mizani ya watu.