Turbo Ikifa, Tafuta Kwanza Kilichoiua

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Nachingwea aliniandikia. Ana Hiace ya dizeli anayopakia abiria kwenda na kurudi Masasi. Gari imeanza kutoa moshi wa bluu, haivuti, oili inapungua bila kuvuja chini, na fundi wake amemwambia turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini ipate nguvu, imekwisha, atafute nyingine. "Mama, nitengeneze hii hii au ninunue?" Ndilo swali lake.

Swali hilo naulizwa sana tangu watu wajue yaliyonipata na Hilux yangu, na kila anayeniuliza namrudishia swali: fundi amekwambia nini kimeiua? Wengi hapo wananyamaza, kwa sababu fundi hakusema na wao hawakuuliza. Turbo haifi yenyewe, ndugu zangu. Ina kitu kilichoiua, na kitu hicho kikibaki ndani ya injini, hata ukinunua mpya ya mamilioni kitaiua na hiyo. Mimi kiliniulia mbili.

Nina duka la jumla Masasi. Nauza unga, sukari, mafuta ya kula na sabuni, na wateja wangu wengi wako juu, Newala na vijiji vyake. Anayeijua njia ya Newala kutokea huku anajua kwamba ukifika pale mlima unapoanza, gari haiwezi kuficha ugonjwa wake. Hilux yangu ni ya injini ya 1KD, dizeli lita tatu, injini ile ile iliyomo kwenye Prado na Hiace nyingi mnazoziona barabarani. Nimeinunua kwa jasho la duka, siyo kwa mkopo wala kwa msaada wa mtu, na kila shilingi iliyoingia mle naijua.

Ilianza kwa mluzi. Dereva akikanyaga mafuta kwenye kilima unasikia sauti nyembamba inapanda pamoja na mwendo. Baadaye moshi wa bluu asubuhi, kisha nguvu zikapotea kabisa. Nikaipeleka gereji moja kubwa Mtwara mjini, ambayo sitaitaja. Mtu wa pale alimsalimia dereva wangu, akamwuliza dereva wangu, akamweleza dereva wangu. Mimi mwenye gari nimesimama pembeni na pochi. Nilimwambia kwa sauti kwamba gari ikiwashwa asubuhi, taa nyekundu ya oili inachelewa kuzima. Akamgeukia dereva: "Mwambie bosi wako hizo ni taa tu. Hapa turbo imeoza, wekeni nyingine."

Wakafunga ya mtumba. Nililipa. Wakati wa kuondoka nikasema nipeni ile ya zamani. Wakacheka, wakasema ni chuma chakavu, wao huwa wanabaki nacho. Nikasema nimeilipia, ni mali yangu, nipeni. Nikaitia kwenye kiroba cha sukari, nikarudi nayo Masasi, nikaiweka chini ya kaunta. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Turbo ile ya mtumba haikumaliza masika. Tulikuwa tunapanda Newala na mzigo wa kawaida kabisa, mimi nimekaa mbele, mara gari ikalegea, kisha injini ikaanza kupiga resi peke yake. Dereva hajakanyaga kitu. Moshi mweupe mzito ukafunika barabara nyuma yetu. Dereva akazima ufunguo, injini ikaendelea kulia, tena ikizidi. Yule kijana amewahi kuendesha malori, Mungu ambariki: alikanyaga breki kwa nguvu zote, akaingiza gia ya tano, akaachia klachi kwa ghafla. Gari ikatikisika yote, ikazima. Tukashuka miguu inatetemeka.

Kila mwenye gari ya dizeli yenye turbo ajue hili. Injini ya dizeli haihitaji cheche, inawasha kwa joto la mgandamizo, na inaweza kuunguza oili yake yenyewe kama inavyounguza dizeli. Sili za turbo, yaani pete zinazozuia oili isitoke, zikifa, oili inavutwa kupitia njia ya hewa, na ufunguo hauwezi kuizuia kwa sababu ufunguo unakata dizeli, haukati oili. Kwa gia za mkono, fanya alivyofanya dereva wangu. Kwa otomatiki dawa ni kuziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitu kigumu, kamwe usizibe kwa mkono wako. Ukiona inazidi, kimbieni mbali, gari itanunuliwa nyingine.

Nilipopiga simu gereji, nilijibiwa kwamba nimezidisha mzigo. Neno moja tu hilo. Halikuishia kwenye simu, lilisafiri. Mteja wangu wa miaka mingi kule Newala akaniuliza mbele za watu, "Mama, nasikia unaua magari?" Sijalisahau hilo na sidhani kama nitalisahau. Watu walioharibu kazi wakalindwa, aliyelipa akapakwa matope.

Gari ikavutwa mpaka Masasi, kwa fundi mtu mzima ambaye ujana wake wote ameutumia kwenye malori ya korosho. Kabla hajashika spana aliniuliza mimi, siyo dereva: "Mama, taa ya oili asubuhi inakaa muda gani?" Nilitaka kulia. Swali lile lile nililolijibu Mtwara bila kuulizwa.

Tukaagiza turbo nyingine ya mtumba Kariakoo, muuzaji akaipakia kwenye basi. Hiyo ilikuwa Mei 2024, siku zile Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua kubwa na barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga. Mabasi yakakwama, mzigo wangu ukakwama nao. Wengine mlikosa mengi siku zile na nawapa pole, lakini mimi kukwama kule kuliniokoa. Fundi alisema tusikae bure, akafungua sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini.

Akaniita nione. Chini ya injini kuna chujio dogo la waya ambalo pampu ya oili inavutia oili kupitia hapo. Chujio la gari yangu lilikuwa limezibwa na utando mweusi mgumu kama lami ya barabarani, matundu yaliyokuwa wazi unaweza kuyahesabu. Alikwangua kwa msumari, vikatoka vipande, akaviweka kiganjani mwangu. Nikavisugua kwa kidole, vikaacha masizi. "Hiki ndicho kilichoua turbo zako," akasema. "Na injini ilikuwa njiani."

Masizi yale yalitoka juu, kwenye nozeli zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Kila nozeli inakaa juu ya washa ndogo, pete bapa inayozuia moto wa silinda usipande. Injini hizi za 1KD zinajulikana kwa ugonjwa huo: washa ikilegea, gesi ya moto inapenya pembeni, masizi yanaingia kwenye oili, oili inayapeleka chini, yanajikusanya kwenye chujio. Oili inaanza kupita kwa shida. Na wa kwanza kuumia ni turbo, kwa sababu shafti yake inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, inaelea juu ya utando mwembamba wa oili tu. Utando ukikosekana hata kwa muda mfupi, chuma kinakula chuma. Kile cha taa kuchelewa kuzima kilikuwa oili inahangaika kupanda. Niliwaambia.

Sasa tuje kwenye kutengeneza au kununua. Fundi aliweka turbo iliyokufa mlimani juu ya meza, akashika ncha ya shafti kwa vidole viwili. Ukiisukuma kushoto na kulia, kucheza kidogo kunaruhusiwa, maana hapo oili haimo. Lakini ukiivuta na kuisukuma kwa urefu wake, nje na ndani, usisikie kitu. Ya kwangu ilikuwa inagonga. Feni ya upande wa hewa ilikuwa imekula ukuta wa gamba lake, ile nyumba ya chuma inayoifunika, ncha zake zimelika, na vumbi la alumini tukalikuta limeshuka mpaka kwenye intakula, ile rejeta inayopoza hewa inayotoka kwenye turbo. Hiyo haitengenezeki, gamba likishaliwa umbo lake haulirudishi. Ukiona hivyo, au ukiona ufa mkubwa upande wa eksozi, usipoteze pesa kwa matengenezo, tafuta nyingine nzima.

Ndipo nikakumbuka kiroba changu chini ya kaunta. Nikatuma mtoto akilete. Fundi akaifungua ile ya mwanzo, ile "chuma chakavu": magamba yote mawili mazima, feni hazijagusa ukuta, mota ya umeme inayosogeza mapanga, yale mabati madogo yanayoelekeza moshi wa eksozi kwenye feni, inafanya kazi, mapanga yenyewe yamegandwa na masizi tu. Kilichokufa ni beringi na sili za katikati. Akanitazama akasema, "Mama, ulikuwa na turbo yako muda wote." Nikampigia muuzaji wa Kariakoo, tukaelewana arudishe ile ya mtumba na aniletee katriji, yaani kiini cha katikati kikiwa na shafti, feni na beringi, kimeshabalansiwa. Bei niliyotajiwa ilikuwa chini ya nusu ya turbo mpya.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nachingwea, magamba yakiwa mazima na ugonjwa uko katikati tu, weka katriji. Usikubali mtu akubadilishie beringi moja moja mezani kwa nyundo na tupa, kwa kasi ile kitu kisipobalansiwa kwenye mashine kitajiua chenyewe, na huku kwetu kazi hiyo inapelekwa Dar. Fundi akifungua mapanga, aweke alama magamba yarudi yalivyokuwa, na ile skrubu ndogo ya kusetia mwisho wa mapanga asiiguse. Ya mtumba ninunue lini? Pale ambapo gamba lako limekufa na mpya huiwezi, lakini ishike shafti kwa vidole vyako mwenyewe kabla ya kutoa hela, na uliza itarudishwaje ikikataa. Mpya halisi ni nzuri kuliko zote kama mfuko unaruhusu. Mpya za bei ya kutupwa zisizojulikana zimetoka wapi, mimi nisingepanda nazo Newala.

Na kabla ya yote hayo hakikisha ni turbo kweli. Gari kukosa nguvu na kutoa moshi mweusi mara nyingine ni hozi ya hewa imechanika, klampu imelegea, au mapanga yamekwama kwa masizi. Kuna watu wamenunua turbo ilhali tatizo lilikuwa hozi.

Tulibadilisha washa zote nne za nozeli, tukasafisha sampo na chujio, tukatazama beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krankshafti, zilikuwa zimeanza kuliwa, tukaweka mpya. Intakula ikaoshwa mpaka ikatoka safi. Bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo tukalinunua jipya, maana la zamani huziba kwa ndani na ukipuliza huoni. Gasketi zake tukaweka za karatasi na chuma kama zilivyotakiwa. Ile gasketi ya tyubu, gundi ya kukamua, iwe mwiko kwenye njia ya oili ya turbo. Inakatika vipande, vipande vinaziba, unarudi ulikotoka.

Gari ile imemaliza msimu wa korosho mmoja na mwingine, inapanda na mzigo wangu, na haijalamba oili. Nasema kwa fahari na wale wa Mtwara kama wanasoma, wasome.

Wafanyabiashara wenzangu, hasa kina mama, nawaombeni jambo. Gari ni ya kwako, ingia gereji kama mwenye gari. Fundi akikwambia kitu kimekufa, akuonyeshe kilipokufa na akueleze kwa nini. Akimjibu dereva wako swali ulilouliza wewe, funga mlango wa gari uondoke. Spea ya zamani ondoka nayo hata kama inachafua buti. Oili badilisha kwa wakati, iwe ya dizeli na ya duka unaloliamini, siyo ya kopo lililofunguliwa. Mwambie dereva akifika juu baada ya mlima asizime papo hapo, aache injini ingurume taratibu bila kukanyagwa dakika moja au mbili turbo ipoe huku oili ikizunguka, na asubuhi asipige resi gari ikiwa imewaka sasa hivi. Tunahesabu sukari kwa gramu dukani, kisha tunamwachia mtu gari nzima bila swali hata moja. Tuache.

Siku ya kufunga, simama pale. Oili na filta viwe vipya. Fundi amimine oili safi kwenye tundu la juu la turbo, lile la kuingizia oili, azungushe feni kwa kidole, kisha starta ipigwe bila injini kuwaka mpaka oili ifike. Ikiwaka, iachwe bila kukanyagwa kwa dakika kadhaa. Sisi tulibadilisha tena oili na filta mapema, kabla ya muda wake, kuondoa mabaki ya masizi yaliyobaki ndani, na fundi akafungua sampo mara ya pili kulitazama chujio. Lilikuwa safi, waya unang'aa, ndipo nikapakia mzigo wa Newala.