Ukienda kujitolea Ujerumani, ile "ndiyo" ya adabu iache nyumbani

Wadogo zangu mnaosubiri viza, maswali yenu nimeyaona. Mengi ni ya koti: liwe zito kiasi gani, linunuliwe soko la Karume, Dar, kabla ya safari au hukohuko. Nunueni hukohuko. Karibu kila mji una duka la vitu vilivyotumika, na kwa euro 15 unapata koti lililoshonwa kwa ajili ya baridi ile ile. Suala la koti naliishia hapo, maana halikunitesa. Kilichonitesa karibu mwaka mzima ni kaneno kadogo, "ja", yaani ndiyo, nilivyokuwa nakatoa kama karanga za bure.

Mimi ni wa Tanga. Nilikwenda Agosti 2022 kwa mpango wa kujitolea wa Ujerumani uitwao weltwärts. Mpango huo ulianza 2008 ukileta vijana wa Kijerumani kwetu na nchi nyingine za kusini; mwaka 2013 ndipo mlango ulipofunguliwa upande wa pili na sisi tukaanza kwenda kwao. Kwenye makaratasi, ukifika unahesabiwa ndani ya huduma yao ya taifa ya kujitolea, ambayo wote wanaiita BFD. Kwa hiyo unakuwa na mkataba, bima ya afya, pa kulala, posho, na siku 25 za semina ndani ya mwaka. Mimi nikapangiwa makao ya wazee kwenye mji mdogo, mwendo wa saa moja kwa treni kutoka Hamburg.

Siku ya kwanza niliambiwa niwe kazini "halb acht". Halb ni nusu, acht ni nane, hayo niliyajua tangu darasani Dar. Mwelekezi wangu akauliza, umeelewa? Ja. Nikapiga hesabu kichwani: nane na nusu kwa saa yao, basi kwa saa yetu ni mbili na nusu asubuhi. Nikafika saa mbili na robo, nguo zimenyooshwa, najiona nimewahi. Kumbe Mjerumani akisema nusu ya nane, anamaanisha nusu ya kuielekea nane. Saa moja na nusu. Nilikuwa nimechelewa dakika 45 siku ya kwanza ya kazi, na nimefika natabasamu.

Sisi Waswahili mtego huu unatunasa mara mbili, kwanza kwa ile tofauti ya saa sita kati ya saa yetu na yao, halafu kwa hiyo "nusu" yao. Dawa yake ni ndogo. Ukitajiwa saa, toa kalamu, andika 07:30, mwonyeshe. Akitikisa kichwa kukubali, ondoka.

Lakini kuchelewa ni kitu cha kuchekwa. La mwezi wa kumi halikuchekesha. Tulikuwa na babu mmoja aliyepata kiharusi, kumeza kukawa kwa shida. Kipindi kile barakoa za FFP2 zilikuwa lazima kwenye makao ya wazee, na mimi nusu ya Kijerumani changu nilikuwa nakisoma midomoni mwa watu. Nesi akanieleza kwa kasi, mdomo umefunikwa, jambo fulani kuhusu vinywaji vya babu na kopo la unga lililokuwa juu ya friji. Nimeelewa? Ja, ja. Mchana babu akaniomba maji. Nikamjazia bilauri, nikampa kwa mikono miwili kama nilivyolelewa. Akapaliwa. Uso ukawa mwekundu, halafu ukaanza kwenda kwenye rangi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu, na mimi nimesimama na bilauri mkononi. Nesi alikuja mbio, akamwinamisha mbele, akampiga kati ya mabega mpaka pumzi ikarudi. Ule unga ulikuwa wa kuchanganya kwenye kila kinywaji chake mpaka kiwe kizito kama uji mwepesi, kipite kooni polepole.

Nilijiandaa kugombezwa. Nesi akakaa chini, akavua glavu, akaniuliza swali moja: kwa nini ulisema umeelewa? Sikuwa na jibu la kumpa. Utamwelezaje kwamba kwetu kumwambia mkubwa "sijaelewa" mara ya pili ni kama kumwambia hajui kusema? Kwamba "ndiyo" yangu ilikuwa salamu, ilikuwa namna ya kumwambia nimekuheshimu, nenda na shughuli zako? Yeye alikuwa ameichukua kama sahihi kwenye karatasi.

Tangu siku ile nilitembea na kijidaftari kwenye mfuko wa sare. Maagizo yakitolewa, nasema "ich wiederhole", narudia, halafu narudia kwa Kijerumani changu kibovu: babu wa chumba fulani, kila kinywaji, unga, vijiko viwili, koroga, subiri. Wenzangu wengine walitabasamu. Wacha watabasamu. Kufika Krismasi hata wauguzi wapya waliozaliwa na Kijerumani chao walikuwa wanaambiwa warudie maagizo, na sitaki kujisifu lakini najua kilianzia wapi.

Tukiwa kwenye lugha: msidhani cheti cha A1 au A2, yaani Kijerumani cha ngazi za mwanzo, kitawatosha kwa wazee wa kaskazini. Nilifika na sentensi zangu za kitabuni nikakuta bibi wa miaka 90 anaongea Platt, lugha ya zamani ya huko, na hata wajukuu zake wanamsikia kwa shida. Neno moja liliniokoa: "Moin". Ni salamu ya asubuhi, mchana na usiku, kwa mkurugenzi na kwa mfagiaji. Mtoto wa Tanga aliyezoea kupima shikamoo kwa umri wa mtu inamchukua muda kumwambia kikongwe "Moin" akiwa amesimama wima. Na mtazame machoni. Mimi nilikuwa nainamisha macho kwa heshima, baadaye nikaambiwa kwamba wiki za mwanzo walidhani nina jambo ninalolificha.

Sasa nije kwenye vifungo. Bibi mmoja, mshonaji wa zamani, kila asubuhi alikuwa anafunga vifungo vya blauzi mwenyewe. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Kifungo kinaingia, kinatoka, anapumzika, anaanza upya. Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikapiga magoti mbele yake nikamfungia vyote saba kwa sekunde ishirini, nikamsawazisha na kola. Kwetu ningeombewa dua. Bibi akaitazama ile blauzi, akavifungua vyote kimoja kimoja, akaanza upya. Siku nzima hakuniambia neno.

Mwelekezi akanieleza kwamba vile vifungo ndiyo mazoezi yake, na kwamba siku bibi atakaposhindwa kufunga ndiyo siku atakayokuwa amepoteza kitu kikubwa zaidi ya blauzi. Kazi yangu pale ilikuwa kukaa kwenye kiti cha pembeni na kusubiri. Niliwahi kuangalia saa: dakika kumi na moja. Mjifunze kukaa dakika kumi na moja bila kunyoosha mkono, maana sisi tumefundishwa kwamba mkono uliotulia mbele ya mzee ni uvivu. Akihitaji atasema, naye alisema, kwa Platt, kidevu kikiwa kimeelekea kwenye kifungo cha juu kabisa ambacho hakuwa anakifikia. Hicho tu.

Jua na mipaka ya kazi yako. Sheria yao inasema volontia ni wa kuongeza nguvu, haruhusiwi kuziba pengo la mfanyakazi anayelipwa. Karatasini ni safi. Zamu ikipungukiwa watu Jumapili asubuhi, utaona mtu anakusogezea sahani ya vidonge: wapelekee chumba namba tatu na tano. Dawa si kazi yako. Sema "das darf ich nicht", hilo siruhusiwi, kwa sauti ya kawaida, bila kuomba radhi mara nne. Mimi nililiweza hilo mwezi wa saba. Kabla ya hapo nilikuwa nimekubali kubadilishana zamu na watu watatu tofauti kwa sababu kila mmoja aliniomba kwa upole, nikajikuta nimefanya kazi siku kumi na mbili mfululizo. Hakuna aliyenionea. Waliuliza, nikasema ja.

Na kuna yale ambayo hamtayaona kwenye semina ya maandalizi, au mtaambiwa kwa maneno laini. Babu mmoja hakutaka nimguse. Alitumia neno ambalo siliandiki hapa. Mwenzangu mmoja alicheka kidogo akasema, mzee huyo, usimjali. Nikanyamaza wiki tatu. Nilikuwa naingia chumbani kwake na trei ya chakula, tumbo limekaza, natoka nimejibana kama nimeiba. Kwenye semina ya majira ya baridi dada mmoja kutoka Togo akaniambia: una mtu wako kwenye shirika lililokupokea, ambaye hafanyi kazi pale makao. Namba yake iko kwenye mkataba wako, umewahi kumpigia? Sikuwahi. Nilidhani ni namba ya dharura, ya mtu aliyevunjika mguu. Nikapiga Jumatatu, na Jumatano ratiba ilikuwa imebadilishwa, chumba kile kikapewa mwingine. Yule mwenzangu aliyecheka aliitwa akaongea na mkuu wa kitengo. Babu hakubadilika, wala sikumtegemea abadilike. Ila niliacha kutapika asubuhi.

Namba hiyo iandikeni kwenye simu siku ya kwanza, na mpigieni wakati hakuna tatizo lolote, mumsalimie tu, ili siku ya tatizo asiwe mgeni.

Fedha. Hapa nitakaa kidogo maana ndipo "ndiyo" inapouma kwelikweli. Posho yangu ilikuwa euro 280 kwa mwezi, nyumba na nauli ya kazini vikiwa juu yao. Kwa viwango vya wakati ule ilikuwa kama laki sita na nusu, na kwa Tanga laki sita na nusu ni mshahara wa mtu. Ndugu zangu walipiga hesabu hiyo kabla ndege haijatua. Mwezi wa pili niliingizwa kwenye makundi matatu ya WhatsApp ya michango: harusi mbili na bati za mjomba. Mjomba akaniandikia, "Wewe sasa uko Ulaya, usitusahau." Nikaahidi. Nikaahidi na kwa wengine. Mwezi wa nne nilikuwa nakula mkate na siagi wiki ya mwisho ya mwezi na nimepost picha ya theluji, natabasamu.

Kaeni na mama na baba kabla ya kuondoka, na karatasi. Waonyesheni mkataba, mahali palipoandikwa kwamba ni posho na hamuendi kuajiriwa. Waambieni kikombe cha kahawa ni shilingi ngapi. Halafu mchagueni mtu mmoja nyumbani, mwenye mdomo, awe ndiye wa kujibu kwa niaba yenu. Kwangu ilikuwa shangazi. Mtu akiniomba namwambia ongea na shangazi, na watu wengi wakifikiria kuongea na shangazi walikuwa wanaghairi wenyewe.

Na mtu yeyote hapa nyumbani anayewadai mamilioni ili "awaunganishe" na nafasi ya kujitolea, mkimbieni. Mpango wenyewe unalipia safari na bima. Mimi kikubwa nilichotoa mfukoni ni pasi ya kusafiria, shilingi 150,000, na nauli za kwenda na kurudi Dar kwa ajili ya viza.

Mengine nayataja kwa kupita. Wasichana, jifunzeni kujisuka wenyewe kabla ya kwenda. Nilisuka rasta Hamburg mara moja, nikalipa zaidi ya theluthi ya posho, sikurudia. Ugali wa semolina unakubalika ukiwa na hamu. Mwezi wa kumi na mbili jua linatua saa kumi jioni na linachomoza saa mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo ukikaa zamu ya mchana ndani unaweza kumaliza siku hujaliona kabisa. Tokeni nje hata dakika ishirini wakati wa mapumziko, hata kama kunanyesha, na kama mnalia bila sababu mwambieni daktari. Nilimwambia mwezi wa kwanza, nilipaswa kumwambia wa kumi na moja. Chupa za plastiki za vinywaji msitupe, nyingi mashine ya dukani inakurudishia senti 25 kwa moja. Jumapili maduka yamefungwa. Mimi Jumapili ya kwanza nilikula tende za mama kutwa nzima.

La mwisho ni cheti. Ukimaliza huduma una haki ya kupewa cheti kinachoeleza ulifanya nini na ulifanyaje, na wale wanaotaka kurudi kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, ya uuguzi watakihitaji sana. Hakiji chenyewe. Mimi nilisubiri kwa adabu, nikidhani ni zawadi wanayoandaa kimya kimya, mpaka wiki ya mwisho ya Julai nilipokwenda ofisini kukiulizia nikakuta mwelekezi wangu yuko likizo hadi katikati ya Agosti na ndege yangu ni Jumamosi. Kilinifikia Tanga kwa posta mwezi wa kumi. Kiombeni wiki sita kabla, kwa barua pepe, na mtaje tarehe mnayokitaka.